Mwenye VVU alinde figo zake

Alhamdulillah, dawa za kupunguza makali ya VVU zimewawezesha wengi kuishi miaka mingi na kulea watoto wao. Lakini wapo wanaojikuta na maradhi ya figo bila kutarajia.

Figo huchuja uchafu katika damu na kuutoa kwa mkojo. Ubaya ni kwamba huharibika kimya kimya. Miguu inapovimba au mkojo unapojaa povu, mara nyingi madhara yamekwishakuwa makubwa.

Nani yuko hatarini zaidi? Kwanza, mwenye virusi vingi na kinga iliyoshuka, kwani VVU vyenyewe hushambulia figo, na hali hiyo huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Pili, mwenye shinikizo la damu, kisukari, homa ya ini aina ya B au C, au ndugu aliyeugua figo. Tatu, mwenye umri mkubwa. Dawa ya tenofoviri, iliyomo katika kidonge wanachotumia wengi Tanzania, nayo huweza kuathiri figo za baadhi ya watu. Hii si sababu ya kuacha dawa. Kuiacha huvipa virusi nafasi ya kuzidi. Daktari ndiye atakayeibadilisha ikibidi.

Hatari nyingine inatoka majumbani mwetu, nayo ni kuficha. Mtu anaumwa mgongo, anaona haya kusema anatumia dawa gani, ananunua diklofenaki dukani na kuimeza wiki nzima. Mwingine anachanganya na mitishamba asiyojua imetengenezwa na nini. Figo ndizo zinazobeba mzigo huo. Mwambie daktari na muuza dawa kila unachotumia, nasi tulio jirani tuache kunyanyapaa, ili mgonjwa asilazimike kujificha.

Ukienda kliniki, omba upimwe shinikizo la damu, protini katika mkojo, na kreatinini katika damu, hata kama hujisikii vibaya.

Ramadhani ikikaribia, muulize daktari kama figo zako zinahimili saumu, kwani kukosa maji kutwa nzima huziumiza figo dhaifu. Aya ya 184 ya Surat al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Kuitumia ruhusa ya Mola si udhaifu wa imani.

Mwili ni amana. Tuutunze. Wabillahi tawfiq.