Kutembea kwenda kazini: Dawa isiyouzwa dukani



Wapo wazazi wengi wa makamo wenye shinikizo la damu au kisukari, na nyuma yao ipo familia inayowategemea. Ukimshauri mmoja wao afanye mazoezi, hujibu: "Daktari, muda sina. Natoka alfajiri, narudi Isha." Leo tuone kwamba muda huo upo, nao umo ndani ya safari yake ya kazini.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Si lazima zipatikane kwa mkupuo mmoja, kwani hata vipande vidogo hujumlishwa. Piga hesabu: dakika 15 asubuhi na 15 jioni, kwa siku 5 za kazi, ni dakika 150 kamili.

Basi shuka kituo kimoja kabla. Anayetoka Kimara kwenda Kariakoo anaweza kushuka Fire na kumalizia kwa miguu. Jioni, badala ya kupanda bodaboda kutoka kituoni hadi nyumbani, tembea, na nauli hiyo wanunulie watoto matunda. Mwendo uwe wa kukaza kidogo: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini ushindwe kuimba kaswida.

Faida yake hutokeaje? Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia. Ndiyo maana kutembea dakika 10 baada ya chakula cha mchana huzuia sukari isipande sana. Mashavu ya miguu nayo husukuma damu irudi kwenye moyo. Anayekaa kutwa dukani au kwenye cherehani hukosa msukumo huo, na jioni miguu huvimba. Ndugu yangu, inuka mara kwa mara, japo ukachukue maji.

Adhuhuri nayo ni nafasi. Kama msikiti uko jirani na kazini, nenda kwa miguu. Tumefundishwa kuiendea swala kwa utulivu bila kukimbia, hivyo mwendo wa kukaza uache kwa wakati wa kurudi. Akina mama waendao sokoni wasijinyime faida hii. Anayehofia njia afuatane na jirani yake.

Zipo tahadhari. Mwenye kisukari avae viatu vya kufunika vidole, na kila jioni akague nyayo zake, kwani ganzi huficha kidonda. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asitembee na njaa. Abebe kitu kitamu, na akitetemeka au kutokwa jasho jembamba akile mara moja. Ukibanwa na kifua, simama na uende hospitali bila kuchelewa. Barabara isiyo na njia ya waendao kwa miguu, tembea upande unaotazamana na magari yanayokuja.

Mwisho, kutembea hakuchukui nafasi ya dawa. Usiache vidonge vyako kwa kuwa unajisikia vizuri; shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Endelea na vyote viwili, na upime kila unapotakiwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema na nguvu ya kuwalea tuliopewa amana. Amin.