Mtoi wa Sikoseli Huwa Fiti Miezi ya Kwanza Juu ya Kitanzi cha DNA

Kama umekulia side za Myanga ama popote Bungoma, hii story unaijua. Mtoi anazaliwa poa, ananyonya, ananenepa. Akikaribia miezi sita, vidole vinaanza kufura, analia usiku mzima, macho yanageuka njano. Majirani nao wanaanza kunong'ona: nani amemroga? Manze, hakuna mtu amemroga. Kuna kitanzi ndani ya seli zake kimehama.

Karibu kila seli yako iko na karibu mita 2 za DNA, kromosomu 46, zote ndani ya kiini kidogo hivi kwamba huwezi kukiona kwa macho. Ukizirundika ovyo kama waya za simu mfukoni, hakuna kitu kitasomeka. Ndio maana seli huzikunja kwa vitanzi.

Chukua kamba ya kiatu, ikunje katikati, penyeza huo mkunjo kwa pete, alafu vuta polepole. Unaona vile kitanzi kinakua? Pete ndio protini inaitwa kohesini. Inazidi kuvuta DNA mpaka igonge fundo, na fundo ni protini ingine, CTCF. Hapo inasimama. Kitanzi kinakuwa kama ploti yenye geti: swichi za ndani zinawasha jeni za humo humo, za jirani mara nyingi haziguswi. Mwaka wa 2014 wanasayansi Marekani walichora ramani ya seli ya binadamu wakahesabu vitanzi kama 10,000.

Sasa twende kromosomu ya 11, kwa jeni za himoglobini, ile hubeba oksijeni kwa damu. Swichi yao kubwa iko mbali, kama herufi 50,000 za DNA kutoka kwa jeni ya watu wazima. Inaiwasha aje? DNA inajipinda mpaka swichi na jeni zinagusana. Mtoi akiwa tumboni, swichi inagusa jeni za himoglobini ya utotoni, na hizo hazina shida yoyote. Akishazaliwa, protini inaitwa BCL11A inazizima, na swichi inahamia ile ya watu wazima. Kwa mtoi wa sikoseli, hiyo ndio imeharibika: herufi moja tu, palipofaa kuwa A kuna T. Himoglobini ya utotoni ikiendelea kuisha, seli nyekundu zinapinda kama mundu na kuziba mishipa. Miezi sita ndio hiyo.

Na wale hulaumu mathe pekee watulie. Lazima mtoi apate jeni mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. AS akizaa na AS, kila mimba ni nafasi 1 kati ya 4. Mbona huku western ni wengi? Malaria. Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alionyesha mwaka wa 1954 kwamba AS wanalindwa dhidi ya malaria kali, so hiyo jeni ikabaki.

Ukishaelewa swichi, dawa inajieleza: irudishe ilikotoka. Casgevy, iliyokubaliwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba, inafanya hivyo. Wanachukua seli za damu za mgonjwa, wanakata kile kipande huwasha BCL11A, wanamrudishia. Himoglobini ya utotoni inaamka tena. Bei Marekani ni dola milioni 2.2. Hata mkiuza miwa yote ya kijiji, hamfiki.

Lakini kuna tembe ya kitambo, haidroksiyurea, ambayo pia hupandisha himoglobini ya utotoni bila kukata chochote. Ilijaribiwa kwa watoto Kilifi, Kinshasa, Luanda na Mbale, hapo tu ng'ambo ya mpaka. Majibu yalitoka 2018: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, vifo pia. Inataka daktari apime damu mara kwa mara, si ya kununua tu kwa duka. Na mtoi anaweza kupimwa sikoseli akiwa bado mchanga, kwa tone la damu ya kisigino, miezi kadhaa kabla vidole vifure.