Shujaa Mwenye Kovu Usoni

Mpwa wangu aliniletea kitabu cha Kiingereza akanambia, "Mjomba, soma hiki, kina bahari na mashua." Nilikipokea shingo upande, kwani kisa chenyewe ni cha mchawi, na sisi tuliolelewa chuoni kwa ubao na bakora hatuna haja na mambo ya sihiri. Lakini bahari ilinivuta. Nilikifungua baada ya Isha, na adhana ya Alfajiri ikanikuta nakifunga.

Mtunzi wake ni Ursula K. Le Guin, Mmarekani aliyezaliwa California mwaka 1929 na kufariki mwaka 2018. Kitabu chenyewe, *A Wizard of Earthsea*, kilitoka mwaka 1968, na vingine vikafuatia. Nchi aliyoibuni ni visiwa vitupu, na watu wake ni wavuvi, mabaharia na wachunga mbuzi. Shujaa wake, Ged, ana rangi ya shaba iliyokoza, na sahibu yake Vetch ni mweusi. Mwaka 2004 kisa kilipofanywa mchezo wa televisheni, Ged akachezwa na Mzungu! Bibi yule alikasirika akaandika kulaumu, na haki ilikuwa yake.

Ged ni mwana wa mfua shaba wa kijiji cha mlimani, hana mama, akili anayo tele na kiburi kimeipita akili. Mwalimu wake wa kwanza, Ogion, ni mtu wa kimya. Mvua ikimnyea hulala chini ya mti akaiacha inyeshe, hali ana uwezo wa kuifukuza. Kijana akaona anacheleweshwa, akenda zake kwenye chuo kikubwa cha kisiwa cha Roke. Huko akadharauliwa na mwanafunzi mwenziwe, mwana wa watu. Basi usiku mmoja, kwa kutaka kumkomesha tu, akaita roho ya mwanamke aliyekufa zamani. Katika ufa ule kikatoka kivuli kisicho na jina, kikamrarua uso. Mkuu wa chuo akauziba ufa kwa nguvu zake zote, akafa.

Hapo niliweka kitabu chini.

Nilipokuwa na miaka 19, mtunzi mmoja mzee alinisahihisha mizani harusini, mbele ya kadamnasi. Nikamjibu papo hapo kwa beti tano, vina safi kabisa, nikataja ufukara wake na mwanawe aliyemkimbia. Watu walicheka, wakanitunza fedha. Mzee hakutunga tena. Miaka mitatu nilimuona msikitini kila Ijumaa, na kila Ijumaa nikajiambia nitamuomba radhi Ijumaa ijayo. Mwaka wa nne tukamzika. Beti zile wako wanaozihifadhi hata leo, na hunisomea wakidhani wanisifu.

Hadithi nyingi za aina hii hutupa shujaa safi na adui wa kuja kutoka mbali. Ged adui amemzaa mwenyewe. Kwanza anamkimbia, kisha anageuka kumfuata kwa mashua ndogo hata kupita kisiwa cha mwisho, na Vetch yu pamoja naye. Huyu Vetch, baada ya aibu ile, alimpa rafiki yake siri ya jina lake la kweli, na katika visiwa hivyo mwenye kulijua jina lako ameyashika maisha yako. Mwisho wake sisemi, msije mkaniapiza.

Nasema tu habari ya kitabu cha nne, *Tehanu*, kilichotoka mwaka 1990, miaka 18 baada ya cha tatu. Ged amemaliza nguvu zake zote kwa kuufunga mlango baina ya wafu na walio hai, naye amerudi kwao mtupu. Wajumbe wa mfalme wanapofika kumtafuta wampe heshima yake, anajificha, akenda mlimani kuchunga mbuzi kwa haya. Wako wasomaji waliokichukia. Mpwa wangu naye asema hakina uchawi wa kutosha. Ana miaka 20.

Vitabu vyake vyote nimemrudishia, isipokuwa hicho.