Gugu karoti: Utalitambuaje kabla halijachanua?

Likiwa changa, gugu hili linachanganya wengi: majani yamechanika-chanika kama ya karoti na yametandaa chini. Ling'oe uone, mzizi hauna karoti yoyote. Baadaye shina hunyooka, lina mistari na vinyweleo, kisha hutoa vijiua vyeupe vyenye pembe tano.

Asili yake ni Amerika, na ajabu ni kwamba ni ukoo mmoja na alizeti. Sasa limeenea Arusha na sehemu za Kenya.

Usilishike mikono mitupu. Huwasha ngozi, na chavua yake inawasumbua wenye pumu. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu, kwa hiyo ling'oe mapema. Likishakomaa, ukilitupa kando ya shamba umelipanda upya.