Kwa Nini Kompyuta ya Nyumbani Huchoka?

Kama nyumbani kwako mna kompyuta, bila shaka umekwisha kuyaona haya. Siku za kwanza ilikuwa nyepesi kama swala. Baada ya miaka mitatu unabonyeza, unangoja. Unabonyeza tena, unangoja tena, na chai inapoa. Watoto wanasema ina virusi. Mtu mwingine anasema imejaa. Mara nyingi wote wamekosea.

Jirani yangu mmoja alipata hasara kwa jambo hili. Aliambiwa, "Mzee, kumbukumbu imejaa, futa picha." Akakaa jioni nzima akifuta. Miongoni mwa hizo zilikuwamo picha za mama yake mzazi, za mwaka wake wa mwisho, wala hakuwa na nakala nyingine. Asubuhi akaiwasha kompyuta: nzito vile vile! Neno "kumbukumbu" ndilo lililompoteza, kwa kuwa watu hulitumia kwa vitu viwili visivyofanana.

Hebu tuifananishe kompyuta na ofisi ya karani. Mbele yake iko meza. Chumba cha nyuma ni masjala, yenye makabati na majalada tele. Tena yupo tarishi wa kuchukua majalada na kuyarudisha.

Masjala ni diski ya kompyuta. Picha, barua na nyimbo zako hulala humo, hata umeme ukizimwa mwezi mzima. Meza ni ile kumbukumbu halisi ambayo mafundi huiita RAM, kijibao chembamba kilichochomekwa ndani ya mashine. Kazi yo yote inayofanywa sasa hivi sharti iwe mezani. Lakini umeme ukikatika meza hufagiwa, isibaki hata karatasi moja. Kompyuta nyingi za nyumbani zina meza ya gigabaiti 4 au 8, na masjala ya gigabaiti 256, au 500, au zaidi. Waona sasa: picha iliyolala masjalani haichukui hata inchi moja ya meza.

Basi, itakuwaje kazi zikizidi meza? Umefungua barua, na kurasa kumi na tano za intaneti, na wimbo unaimba, na mtoto ameacha mchezo wake wazi. Zamani mashine ingekataa kabisa. Siku hizi haikatai, kwa sababu ya werevu unaoitwa kumbukumbu pepe.

Werevu wenyewe ni huu. Kila programu unayoifungua hupewa hesabu yake ya nafasi, kana kwamba meza kubwa ajabu imetengwa kwa ajili yake peke yake. Programu haijui kwamba meza ni ndogo, wala haijui kwamba wenzake wapo. Programu kuu ya mashine, kama vile Windows, ndiyo inayoshika daftari la kweli. Kazi zote hukatwa kurasa ndogo ndogo, katika kompyuta nyingi kila moja ni kilobaiti 4, na daftari huonyesha ukurasa huu uko mahali gani pa meza, na ule umepelekwa masjalani kungoja. Programu ikiuhitaji ule ulioko masjalani, kazi husimama kidogo, tarishi huuleta, na ukurasa mwingine uliokaa bila kutumika hupelekwa badala yake.

Daftari hilo lina faida nyingine ambayo watu huisahau. Kwa kuwa kila programu huona hesabu yake tu, mchezo wa mtoto hauwezi kuchungulia wala kuchafua karatasi za barua yako. Hata meza ingekuwa kubwa kama uwanja wa mpira, daftari lingehitajika.

Fikira hii si ya jana. Katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, Tom Kilburn na wenzake walitengeneza kompyuta iliyoitwa Atlas, ikafunguliwa rasmi mwaka 1962. Meza yake ilikuwa na nafasi 16,384 tu. Masjala yake ilikuwa ngoma za sumaku zenye kuzunguka, zenye nafasi 98,304. Mtu aliyeiandikia programu aliviona viwili hivyo kama kitu kimoja, na mashine yenyewe ikahangaika kuhamisha kurasa.

Taabu ni mwendo wa tarishi. Tuseme kuchukua karatasi mezani ni kazi ya sekunde moja. Kwa kipimo hicho hicho, kuifuata katika diski ya kizamani inayozunguka ni safari ya zaidi ya siku nzima! Katika diski mpya zisizozunguka, ziitwazo SSD, ni kama robo saa. Kurasa zikihamishwa mara moja moja, hutambui. Lakini meza ikizidiwa sana, tarishi huwa mbioni bila kupumua. Jalada hili laingia, lile latoka, na lile lililotoka ndilo linalotakiwa sasa. Karani haandiki neno. Mmarekani Peter Denning aliieleza hali hii mwaka 1968, na ndiyo ile unayoiona taa ya diski ikimetameta na mshale umeganda kiooni.

Ufanye nini? Kama unatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, siku mashine inapokuwa nzito. Utaona asilimia ya kumbukumbu inayotumika. Ikiwa ni 90 au zaidi, na diski nayo haipumziki, basi meza ndiyo ndogo. Funga usivyovitumia, hasa zile kurasa za intaneti. Kama hali hiyo ni ya kila siku, ongeza RAM. Kwa kazi za kawaida za nyumbani gigabaiti 8 zatosha watu wengi. Ila kabla ya kutoa fedha, mwambie fundi afungue atazame: katika kompyuta nyingine za mkononi RAM imelehemiwa, haibadiliki, tena ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4.

Nisimwonee aliyemshauri jirani yangu. Diski ikijaa pomoni, kurasa hukosa hata pa kupelekwa, na hapo kupunguza vitu husaidia kweli. Lakini picha huhamishwa kwanza kwenye diski ya nje, ukahakikisha zinafunguka huko, ndipo ufute. Yeye baadaye aliongezewa gigabaiti 4, na mashine yake sasa yaenda vizuri. Picha hazikupatikana.

Jambo moja zaidi kwetu tunaokatikiwa umeme mara kwa mara. Barua unayoiandika, kabla hujaihifadhi, iko mezani tu. Hata kurasa zake zilizokuwa zimepelekwa masjalani kwa muda hazitakufaa, maana daftari la kuzitafutia lilikuwa mezani nalo, likafagiwa. Kila umalizapo aya, bonyeza Ctrl na S.