Kurejea Kulenga Shabaha kwa Bunduki Baada ya Upasuaji wa Bega: Mambo ya Kuzingatia

Kwa askari wa uhifadhi, mwindaji mwenye kibali, mwanamichezo wa shabaha na mwananchi anayemiliki bunduki kihalali, bega ndilo hupokea kitako cha silaha kila risasi inapofyatuliwa. Bega hilo linapofanyiwa upasuaji, swali la kwanza la wengi ni lini wataruhusiwa kushika tena bunduki. Jibu halitokani na kuisha kwa maumivu, wala na hesabu ya wiki pekee. Linatokana na kilichorekebishwa ndani ya bega, aina ya bunduki itakayotumika na uwezo wa mhusika kuidhibiti.

Bega huzunguka kwa uhuru kuliko kiungo kingine chochote cha mwili. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, ilhali kikombe kinachokipokea ni kidogo na hakina kina. Kinachokishikilia mahali pake ni kano za misuli minne inayolizunguka bega, pamoja na ukingo wa gegedu uliopo pembezoni mwa kikombe. Upasuaji mwingi wa bega hulenga sehemu hizo: kushonea kwenye mfupa kano iliyochanika, kurudishia gegedu kwa mtu ambaye bega lake huteguka mara kwa mara, au kuweka kiungo bandia pale ambapo kiungo cha asili kimeharibika.

Kano iliyoshonwa hushikiliwa kwanza na nyuzi alizoziweka daktari. Kuungana kwake na mfupa ni kazi ya mwili wenyewe, na huchukua miezi. Maumivu, kwa upande wake, hupungua mapema zaidi. Katika kipindi hicho cha katikati mgonjwa hujiona amepona, ilhali kano bado haijashika sawasawa. Ikichanika tena, kuirekebisha mara ya pili huwa kugumu zaidi. Uvutaji wa sigara na ugonjwa wa kisukari usiodhibitiwa huongeza hatari hiyo.

Kwa kawaida, baada ya kushonewa kano, mkono huning'inizwa kwa kitambaa maalumu kwa wiki 4 hadi 6. Hufuata kipindi cha kuunyoosha na kuuinua taratibu kwa msaada wa mtaalamu wa mazoezi tiba. Mazoezi ya kuongeza nguvu huanza karibu na wiki ya 12, na kazi nzito husubiri miezi 4 hadi 6 au zaidi, kulingana na ukubwa wa jeraha. Ratiba ya mwenye kiungo bandia au aliyerudishiwa gegedu hutofautiana na hiyo, hivyo maelekezo aliyopewa mgonjwa mmoja hayamfai mwingine.

Aina ya bunduki nayo ina uzito mkubwa katika uamuzi huo. Risasi inapokwenda mbele, bunduki husukumwa nyuma. Risasi ya kawaida ya kipimo cha .22, inayotumika katika michezo ya shabaha, ina uzito wa takriban gramu 2.6. Ile ya .375, inayotumika kwa wanyama wakubwa, hufikia takriban gramu 19 na hutoka kwenye mtutu kwa kasi inayozidi mara mbili ya ile ya kwanza. Matokeo yake ni kwamba nishati ya msukumo unaolifikia bega huweza kuwa zaidi ya mara 100. Kwa hiyo ruhusa ya kutumia bunduki ndogo si ruhusa ya kutumia kubwa.

Upande uliopasuliwa ni jambo jingine la kuzingatia. Ikiwa ni bega linalopokea kitako, hatari kuu ni msukumo, ambao huelekeza kichwa cha mfupa upande wa nyuma. Aliyerudishiwa gegedu ya nyuma ya kikombe anahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa mwelekeo huo ndio uliorekebishwa. Ikiwa ni mkono unaobeba mtutu, tatizo huwa ni kuhimili uzito wa kilo 3 hadi 5 mkono ukiwa umenyooshwa mbele.

Kurejea hufanyika kwa hatua. Baada ya idhini ya daktari, mhusika huanza kwa kuinua bunduki isiyo na risasi na kuishusha bila kutetemeka. Hufuata risasi chache za bunduki yenye msukumo mdogo, kisha mapumziko ya kuona bega litakavyokuwa siku inayofuata. Pedi ya mpira kwenye kitako hupunguza makali ya msukumo, na kitako hubanwa vyema kwenye nyama ya bega, chini ya mtulinga. Maumivu ya usiku, ganzi mkononi au udhaifu mpya ni dalili za kusimama na kurudi hospitalini.

Wapo wanaolazimika kuhamia bega la upande wa pili. Jambo hilo linawezekana, lakini huhitaji mafunzo upya, kwani jicho la kulengea hubadilika, na katika bunduki nyingi ganda la risasi hurukia kulia, mbele ya uso wa anayelenga kwa kushoto. Mwanajeshi wa Hungaria, Károly Takács, aliumizwa mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938. Alijifunza upya kutumia bastola kwa mkono wa kushoto, akatwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1948 na ya Helsinki mwaka 1952.

Suala hili halimhusu mgonjwa peke yake. Bega lisilo na nguvu humfanya mtu ashindwe kuuelekeza mtutu mahali salama, na anayeumia anaweza kuwa mwenzake wa doria au mpita njia. Vilevile, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka anayemiliki silaha nchini Tanzania awe na leseni. Kuuguza bega si sababu ya kumkabidhi silaha ndugu au jirani asiye na leseni. Mmiliki asiyeweza kuitunza ipasavyo katika kipindi hicho anapaswa kuomba mwongozo katika kituo cha polisi.

Wananchi wanaotarajia upasuaji wa aina hii wanashauriwa kumweleza daktari mapema kwamba wanatumia bunduki, ni ya aina gani na wanailengea bega lipi. Taarifa hizo humwezesha kupanga tiba na mazoezi kulingana na kazi halisi inayolisubiri bega hilo, na kutoa idhini ya kurejea kwa wakati unaofaa.