Bustani ya Shule na Siha ya Watoto

Mtoto aambiwapo darasani kwamba mboga za majani hujenga damu na kulinda macho, husadiki, akayaandika maneno hayo daftarini kwa hati safi, akapata alama zake zote. Kisha arudipo nyumbani huisogeza mboga pembeni mwa sahani, akala ugali kwa mchuzi. Haifai kumlaumu, maana ulimi hujifunza kwa kuonja, tena kwa kuonja mara nyingi, na wataalamu wa lishe wameona kuwa mtoto aweza kukikataa chakula kigeni mara kumi au zaidi kabla hajakizoea. Basi bustani ya shule, maadamu yatumiwa ipasavyo, humpa fursa hizo za kuonja ambazo kitabu hakina.

Tulitazame tuta moja la mchicha. Watoto huutifua udongo na kuuchanganya na samadi iliyooza. Mbegu, kwa kuwa ni ndogo mno, huzichanganya na mchanga mkavu zisirundikane mahali pamoja, wakazifukia kidogo tu, wakanyunyizia maji asubuhi na jioni. Wiki tatu au nne zikipita, mboga iko tayari, na anayechuma vilele pasipo kung'oa shina huona machipukizi mapya yakitokeza ubavuni. Kando yake hupandwa kunde, ambazo vinundu vya mizizi yake huirutubisha ardhi, na viazi lishe, vile vitamu vyenye rangi ya chungwa na utajiri wa vitamini A, ambavyo Robert Mwanga wa Uganda alivishughulikia kwa miaka mingi hata akawa, mwaka 2016, miongoni mwa wanne waliotunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Hata hivyo nusu ya somo iko jikoni. Huko mtoto hufahamishwa kuwa mchicha huoshwa kabla ya kukatwa, ili vilivyo bora visimwagwe pamoja na maji. Kwamba tui la nazi au mafuta kidogo si anasa, kwani vitamini A ya majani haiingii mwilini vyema pasipo mafuta. Kwamba tone la ndimu huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma. Na kwamba kisamvu sharti kitwangwe na kuchemshwa sana, kwa sababu kikiwa kibichi kina sumu. Mjini Berkeley, California, mpishi Alice Waters alipoanzisha bustani ya shule mwaka 1995, aliifungamanisha na jiko, watoto wakapanda, wakavuna, wakapika na kuketi kula pamoja, na mfano wake ukaigwa katika nchi nyingi.

Kwetu fikra hii si ngeni. Mwalimu Julius Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, alitaka kila shule iwe na shamba au kazi nyingine ya uzalishaji, na wanafunzi washiriki kuamua mambo yake na kuyaona manufaa ya jasho lao. Lakini yasikitisha kwamba katika shule si chache shamba liligeuzwa adhabu: aliyechelewa hupewa jembe, mtukutu hutumwa kupalilia, na mavuno huishia yasikojulikana na waliolima. Mtoto aliyelelewa hivyo huchukia jembe na mboga kwa pamoja, na ni vigumu kumlaumu. Wahenga walinena kuwa mgagaa na upwa hali wali mkavu. Seuze mtoto aliyeinama juani kumwagilia, yeye astahili kitoweo kuliko wote.

Kwa hiyo kamati za shule na wazazi wanaokusudia kuanzisha bustani, hata kama nafasi yao ni magunia machache ya udongo nyuma ya darasa, na waweke sharti mbili kabla ya kununua mbegu: kwanza, pasiwe na mwanafunzi atakayepelekwa bustanini kwa kosa, pili, mavuno yaingie katika sufuria ya wanafunzi kabla ya kufikiriwa soko. Sharti hizo hazina gharama, na pasipo hizo bustani itatoa mboga tele bila kumfundisha mtoto hata mmoja kuzila.